NANI MWIZI? ANAYENAKILI WIMBO AU ANAYECHUNGULIA NYUMBA?



Kila zama zina neno lake la kuwatishia watu. Katika zama hizi za kompyuta na simu za mkononi neno hilo ni "wizi". Kijana akinakili wimbo bila ya kuulipia, makampuni makubwa ya Marekani hupiga ukelele: "Mwizi! Mwizi!" Na Serikali, badala ya kuuliza kilichoibiwa ni nini na aliyekiiba ni nani, hukimbilia kuleta darubini, kufuli na askari, zikaviweka mlangoni kwa kila mtu, mwizi na asiye mwizi. Sisi leo tunauliza swali ambalo wapiga ukelele hao hawapendi kuulizwa: huyo aliyewekwa kuulinda mlango wetu, yeye analindwa na nani?

Tuseme mapema, ili wapotoshaji wasipate la kushika. Hatusemi kwamba kuchukua kazi ya mtu bila ya malipo ni halali. La hasha! Mwandishi wa kitabu, mtunga mashairi, mpiga udi na mwimbaji wa taarab wote ni wafanya kazi, na kila mfanya kazi ana haki ya ujira wake. Sisi wenye maduka tunaujua uchungu wa mali kupotea rafuni. Lakini kumkamata mwizi ni jambo moja, na kuugeuza mji mzima kuwa jela kwa ajili ya mwizi mmoja ni jambo jingine kabisa.

Na tupige mfano wa dukani, kwani huko ndiko tunakokujua. Kila mwenye duka ana daftari la mkopo. Ndani ya daftari hilo mna siri za mtaa mzima: nani kachukua unga kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, nani ana mgonjwa na hana cha kumnunulia, nani jana alikuwa tajiri na leo anakopa sabuni. Daftari hilo ni amana. Sasa, ukiibiwa mkebe mmoja wa maziwa, je, ni haki askari waje walichukue daftari zima, walisome ukurasa baada ya ukurasa, walinakili, waende nalo? Na je, ni haki mwenye duka amfuate mnunuzi hadi nyumbani, ajifiche chini ya kitanda, ili ahakikishe kwamba sukari aliyoiuza hapewi jirani? Mwenye akili timamu atasema huo ni wazimu. Basi wazimu huo umefanywa, na haya tutakayoyataja si hadithi za Abunuwasi.

Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza santuri za CD ambazo ndani yake ilitia programu ya siri. Mnunuzi aliyelipa fedha yake halali, alipoitia santuri katika kompyuta apate kusikiliza, programu ile ilijipenyeza ndani ya mashine na kujificha hata mwenye mashine asiione. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asinakili kupita kiasi alichopangiwa. Lililo baya zaidi, maficho yale yalikuwa upenyo, na wahalifu wengine wakautumia kupitishia virusi vyao. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich aliifichua khabari hii mbele ya ulimwengu. Mkubwa mmoja wa kampuni alipoulizwa redioni alisema kuwa watu wengi hawaijui hata programu ya namna hiyo ni kitu gani, basi kwa nini waijali? Lakini watu waliijali. Kampuni ikalazimika kuzirudisha santuri zake, na Jimbo la Texas likaishitaki.

Mtafakari jambo moja hapa, wasomaji wetu. Aliyeupata wimbo ule kwa njia ya wizi hakupatwa na lolote. Aliyepatwa ni yule aliyefungua mkoba akalipa! Huo ndio ulinzi wa mabepari: mwizi hupita, na mteja mwaminifu hufungwa kamba.

Mwezi wa Julai 2009 ikaja zamu ya Amazon. Kampuni hiyo ilivifuta, kutoka mbali, vitabu viwili vya George Orwell katika vyombo vya kusomea viitwavyo Kindle, na vyombo hivyo vilikuwa mikononi mwa watu waliokwisha kulipa. Kimoja ni Nineteen Eighty-Four, kinachosimulia dola inayomchungulia raia hata ndani ya chumba chake. Cha pili ni Animal Farm, ambacho kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Hoja ya Amazon ilikuwa kwamba muuzaji aliyeviingiza sokoni hakuwa na haki navyo. Ikarudisha fedha, na mkuu wake, Jeff Bezos, akaomba radhi. Sisi tukigundua kwamba kanga tuliyoiuza ilikuwa na walakini, hatuingii nyumbani kwa watu tukaitoa kabatini, hata kama tutaacha fedha juu ya meza. Kilichouzwa kimeuzwa. Ikiwa muuzaji amebaki na ufunguo wa kabati lako, basi hukununua kitu. Umekodi, na hukuambiwa.

Hizo ni khiana za makampuni peke yao. Sasa tazameni mambo yanavyokuwa pale kampuni na Serikali zinapokula sahani moja.

Mwezi wa Oktoba 2011 ulifikishwa katika Bunge la Marekani mswada ulioitwa SOPA, na Seneti ilikuwa na wake ulioitwa PIPA. Makampuni ya filamu na muziki yaliiunga mkono kwa nguvu. Miswada hiyo ilikusudia kutoa uwezo wa kuzifungia njia kurasa za intaneti za nchi za kigeni zinazotuhumiwa kwa wizi wa kazi za watu. Raia wengi walikasirika, na tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza iliufunga mlango wake siku nzima kwa kupinga. Siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando. Watu wakashangilia ushindi.

Lakini tarehe 19 Januari, siku moja tu baada ya mgomo ule, na bila ya kuihitaji sharia ile mpya, Serikali ya Marekani ilitangaza kuifunga Megaupload, ghala la intaneti ambamo watu wa dunia nzima waliweka mafaili yao. Huko New Zealand, maelfu ya maili kutoka Marekani, polisi wenye silaha waliiingilia nyumba ya mwenye ghala, Kim Dotcom, kwa helikopta. Kosa alilotuhumiwa ni kuchuma dola milioni 175 kwa kazi za wengine na kuwatia wenye haki hasara ya zaidi ya dola milioni 500.

Sisi hatumtetei Dotcom. Wenzake wawili walikiri makosa yao mwaka 2022, wakahukumiwa vifungo mwaka 2023 huko huko New Zealand. Na yeye mwenyewe, mwezi wa Agosti 2024, Waziri wa Sheria wa nchi hiyo alitia saini hati ya kumpeleka Marekani. Mwenye kosa na ahukumiwe. Lakini ghalani mle mlikuwamo pia mali za watu wasio na hatia. Mpiga filamu mmoja wa michezo ya skuli, aliyekuwa ameziweka humo filamu alizozipiga kwa mkono wake mwenyewe, alikwenda mahakamani Marekani kudai arudishiwe zilizo zake. Huyo naye aliiba nini? Ukifunga soko zima kwa sababu muuzaji mmoja ana bidhaa za magendo, aliyekuja na kikapu chake cha ndizi umemdhulumu.

Kisha yakadhihiri makubwa kuliko hayo. New Zealand ina shirika la kijasusi liitwalo GCSB, ambalo ni mshirika wa majasusi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Sharia ya nchi ililikataza shirika hilo kuwapeleleza raia wake na wakaazi wake wa kudumu. Dotcom alikuwa mkaazi wa kudumu, na hata hivyo walimpeleleza. Tunauliza: khatari gani ya vita ilikuwako? Manuwari gani iliyokuwa ikija? Majasusi walioundwa kulinda nchi na adui wa nje waligeuzwa walinzi wa filamu za Hollywood!

Mwezi wa Septemba 2012 Waziri Mkuu John Key aliomba radhi. Mwaka 2013 uchunguzi ukaonyesha kwamba watu 88 huenda walipelelezwa kinyume cha sharia katika miaka iliyopita. Je, nani alifungwa kwa hayo? Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mwezi wa Agosti 2013 Bunge liliibadilisha sharia kwa kura 61 dhidi ya 59, na shirika likapewa uwezo wa kuwapeleleza watu wa nchi hiyo kwa kibali. Raia akivunja sharia huvunjwa yeye. Mkubwa akivunja sharia, huvunjwa sharia yenyewe ikaundwa nyingine ya kumtosha.

Na mwaka ule ule wa 2013, mwezi wa Juni, hati alizozitoa Edward Snowden zilionyesha kwamba shirika la kijasusi la Marekani, NSA, lilikuwa na mpango ulioitwa PRISM wa kupata khabari za watu kutoka kwa makampuni kama Microsoft, Yahoo, Google, Facebook na Apple. Makampuni yakajitetea kwamba hutoa yale tu yanayolazimishwa na sharia. Na tuyakubalie utetezi huo, kinachobaki kinatosha. Kampuni hulijaza daftari kwa ajili ya biashara: umesoma nini, umemwandikia nani, umelala wapi. Daftari likishajaa, Serikali huja na karatasi yake ikachota. Kama daftari lisingejazwa, pasingekuwa na cha kuchotwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuitazame mizani yao. Muuza duka akiwa na mawe mawili ya kupimia, zito la kununulia na jepesi la kuuzia, watu wa mtaa watamtemea mate, na Suratul-Mutaffifin imekwisha kumwonya. Basi tazameni mawe haya mawili.

Mwezi wa Julai 2011 kijana wa Kimarekani, Aaron Swartz, alishitakiwa kwa kupakua mamilioni ya makala za wataalamu kutoka hazina ya JSTOR kupitia chuo cha MIT. JSTOR ilisuluhishana naye na haikutaka kesi iendelee. Serikali ya Marekani ikaishikilia, kwa mashtaka yaliyoweza kumfunga miaka 35 na zaidi. Tarehe 11 Januari 2013, kabla kesi haijasikilizwa, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 26.

Jiwe la pili ni hili. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Anthropic, inayotengeneza mashine za akili bandia, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi, baada ya jaji kuona kwamba ilijipakulia mamilioni ya vitabu kutoka katika maghala ya vitabu vya wizi. Meta, wenye Facebook, nao walionekana mahakamani kuwa walichota katika maghala ya namna hiyo hiyo. Na mwezi wa Juni 2025 jaji aliwapa ushindi katika hoja ya kuvitumia vitabu hivyo kuzifundisha mashine zao. Dola bilioni 1.5 ni fedha nyingi, na tunafurahi kwa kila mwandishi atakayepata fungu lake. Lakini ilikuwa wapi helikopta? Ziko wapi pingu? Kijana alichukua makala, akakabiliwa na jela. Kampuni ilichukua vitabu, ikakabiliwa na hesabu ya fedha.

Wako watakaosema: "Hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani?" Yanatuhusu sana. Sharia ya Makosa ya Mtandao iliyopitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 2015 imekusudiwa Bara na Zanzibar pia. Ndani ya kitabu hicho kimoja mmewekwa kosa la kuvunja haki za wenye kazi za ubunifu, na mmewekwa pia uwezo wa polisi kudai khabari zilizomo katika kompyuta za watu. Mwezi wa Disemba 2016 Maxence Melo, mkuu wa JamiiForums, alikamatwa na kushitakiwa kwa sababu hakuwapa polisi khabari za watu walioandika katika baraza lake. Yeye alilihesabu daftari lake kuwa ni amana. Tazameni jinsi ulinzi wa mwimbaji na upelelezi wa msemaji ulivyofungwa katika furushi moja, ukinunua hiki unauziwa na kile.

Na tuulize tena: mwimbaji wetu amefaidika na nini? Sisi tunaona nyimbo zikipigwa katika vyombo vya safari, katika mahoteli na katika harusi. Ikiwa sheria hizi zimewekwa kwa ajili yake, basi na tuonyeshwe ujira wake. Jina la mnyonge lisifanywe kilemba cha kumvisha mpelelezi.

Kwa hivyo tunadai manne, na hatuoni ndani yake hata moja la ajabu. Kwanza, mwenye kazi alipwe, na wanaokusanya fedha kwa jina lake watoe hesabu hadharani. Pili, asipekuliwe mtu ila kwa hati ya mahakama yenye jina lake na kosa lake. Kuchungulia watu wote kwa kumtafuta mmoja ni upelelezi uliokatazwa katika Suratul-Hujurat kabla ya sharia za New Zealand. Tatu, kilichouzwa kiwe kimeuzwa, na muuzaji aurudishe ufunguo. Nne, jiwe la kupimia liwe moja, kwa kijana na kwa kampuni, kwa raia na kwa jasusi.

Wananchi! Atakapokujieni mtu na kufuli mpya, akasema kwamba ni ya kumzuia mwizi, mpokeeni kwa adabu, mkaribisheni kiti, kisha mumwulize: ufunguo utakaa kwa nani? Akikataa kujibu, mwizi mnamwona.