MKULIMA NA WANYAMA WAKE: Kamba Haimfundishi Mnyama Kubeba Kichwa

Ikaribiapo mvua kubwa ya mwezi wa Machi, njia za Bungoma hujaa vijana wanaoongoza maksai kwenda mashambani. Mtu akitazama kwa makini ataona ya kuwa maksai hawaendi wote kwa namna moja. Mmoja huenda kwa hatua sawa, shingo imenyoka, na kichwa chake ki chini kidogo ya nundu. Mwingine hurusha kichwa juu kana kwamba anafukuza nyuki, na mwingine hukiinamisha mpaka pua inakaribia udongo. Mwenye ng'ombe aonapo hayo, mara nyingi husema, "Huyu ni mkaidi," kisha hutafuta kamba.

Yafaa wakulima waisikie habari ya mzee mmoja wa Bungoma. Katika miaka ya 1950 mashamba makubwa ya upande wa Kitale yalikuwa mikononi mwa walowezi, na vijana wengi wa Bungoma walikwenda huko kutafuta kazi. Mzee huyo, wakati huo kijana, aliajiriwa kuwa saisi, yaani mtunza farasi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 alirudi kwao akalima kama wenzake.

Mwaka mmoja jirani yake alinunua maksai kijana ili amfunge nira pamoja na maksai wake wa zamani. Alikuwa na jozi hiyo moja tu. Siku ya kwanza yule mgeni alirusha kichwa juu na kuipinda nira. Siku ya pili vilevile. Basi jirani akafunga kamba pembeni mwa mnyama, akaipitisha kifuani na kuikaza kwenye mguu wa mbele, hata kichwa kikashuka. Alifurahi sana, akalima siku mbili. Siku ya tatu maksai alilala katikati ya mfuo, akakataa kuamka, wala kiboko hakikumwinua.

Yule mzee alipoitwa, hakumtazama maksai usoni. Aliinua nira kwanza, akapapasa shingo.

"Mzee," akasema jirani, "mvua imekwisha kunyesha mara mbili, na wenzangu wote wanapanda. Nimfanyeje ng'ombe anayetazama mbinguni?"

"Mwanangu," mzee akajibu, "ng'ombe wako hana ukaidi. Alikuwa akikupa habari, nawe ukamziba kinywa. Mfungue, kisha uniletee maji ya uvuguvugu yenye chumvi."

Chini ya nira palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja, kwa kuwa mti wa nira ulikuwa na ncha kali upande mmoja. Tena ukanda wa kooni ulikuwa umekazwa hata kidole hakikuweza kupita. Mnyama alikuwa akiinua kichwa ili aikimbie ile ncha na kupata pumzi. Kamba ilikishusha kichwa, lakini ncha ilibaki palepale.

Mzee hakuyajua mambo hayo kwa ng'ombe. Aliyajua kwa farasi wa Kitale. Watu wa farasi wana vyombo vingi vya kurekebisha kichwa cha mnyama anapofundishwa. Uko ukanda utokao kwenye mshipi wa tumboni, ukapita kifuani katikati ya miguu ya mbele, ukashika vigwe kwa pete mbili ili farasi asiinue kichwa kupita kiasi. Ziko kamba za ubavuni zinazounganisha lijamu na tandiko. Uko pia ukanda upitao juu ya utosi nyuma ya masikio na kushuka mpaka kwenye lijamu: farasi akiinua kichwa hubanwa, akikishusha hufunguliwa mara moja.

Vyombo hivyo si vibaya vyenyewe. Mwalimu mwenye ujuzi huvitumia kwa muda mfupi, huvifunga vikiwa vimelegea, na huvikaza kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kazi yake ni kumwonyesha farasi njia, wala si kumsukuma humo. Farasi asimamapo, miguu yake ya mbele huchukua takriban sehemu tatu katika tano za uzito wake. Akipandwa na mtu, mzigo huongezeka. Ili aubebe vizuri hana budi kuuinua mgongo na kuingiza miguu ya nyuma chini ya mwili. Afanyapo hivyo, shingo hunyoka na kichwa hukaa mahali pake chenyewe. Kwa hiyo kichwa kizuri ni tunda la mgongo wenye nguvu. Mtu akivuta kichwa peke yake, hupata tunda la kubandika mtini.

Tena farasi arushaye kichwa huwa na sababu. Pengine meno ya magego yamekuwa makali na kumkata mashavu. Pengine tandiko linambana mabegani, ama mpandaji ana mkono mzito. Saisi hodari hutazama kinywa, mgongo na mkono wa mpandaji kabla ya kugusa ukanda wowote.

Kosa la kulazimisha kichwa lilionekana zamani hata katika nchi zenye ustadi mwingi wa farasi. Huko Uingereza, katika karne ya 19, ilikuwa fahari kwa matajiri kuona farasi wa magari yao wakienda vichwa juu. Walifungwa ukanda mfupi usiowaacha kushusha shingo, hata wanapopanda kilima na mzigo. Walionekana wazuri, lakini waliumia shingo na mgongo, wakakosa pumzi. Mwaka 1877 mwanamke aitwaye Anna Sewell alichapisha kitabu cha Black Beauty, ambamo farasi mwenyewe anasimulia maisha yake, na kitabu hicho kiliwaamsha watu wengi kuuchukia ukanda ule. Katika zama zetu wapo waliogeukia kosa la upande wa pili, yaani kukivuta kichwa chini mpaka kidevu kiguse kifua. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha michezo ya farasi, FEI, kilitamka ya kuwa kukunja shingo ya farasi kwa nguvu na ukali hakukubaliki.

Mkulima wa Bungoma au Kitale huenda asimiliki farasi hata siku moja. Walakini sheria ya shingo ni ileile kwa maksai, nayo imo katika mambo manne.

Kwanza, nira. Maksai wetu wenye nundu husukuma kwa sehemu iliyo mbele ya nundu. Hapo mti wa nira uwe laini, mviringo, usio na ncha wala mafundo, na usiwe mzito bure. Vile vijiti viwili vya kando visiibane shingo, na ukanda wa kooni uache nafasi ya kiganja kupita.

Pili, mnyororo. Ukiwa mfupi mno, huvuta kwa mshazari mkali, nira hulemea shingo, kichwa huinama, na plau hutaka kutoka ardhini. Mkulima humpiga ng'ombe, kumbe kosa ni la mnyororo. Aurefushe kidogo kisha atazame tena.

Tatu, jozi. Maksai wawili wasiolingana kimo huifanya nira iende upande. Mfupi huelemewa, naye mrefu husongwa kooni. Nira ikiwa fupi mno, wanyama hugongana pembe, na kila mmoja hupinda kichwa nje.

Nne, mafunzo. Maksai kijana azoeshwe kwanza kushikwa na kuongozwa kwa kamba iliyolegea. Kisha avishwe nira bila mzigo, kando ya maksai mzee aliye mtulivu. Ndipo avute gogo jepesi, na mwisho plau katika udongo laini. Kila siku afunzwe muda mfupi asubuhi kungali na baridi, na aachwe kabla ya kuchoka. Kazi hii huchukua majuma kadhaa, kwa hiyo haianzwi siku mvua inyeshapo.

Punda naye asisahauliwe. Hana nundu, na nguvu zake za kuvuta zi kifuani. Nira ya ng'ombe haimfai kabisa. Yeye huhitaji ukanda mpana wa kifuani, uliowekwa chini ya koromeo na juu ya kiungo cha bega. Punda wa mkokoteni anyooshaye shingo na kukoroma huenda anasongwa na ukanda uliopanda juu mno.

Na yule jirani? Kidonda hakikupona kwa siku moja. Aliichonga nira upya, akamwacha maksai apumzike, na ikambidi aazime jozi ya watu ili alime nusu ya shamba. Nusu ya pili ilipandwa kwa kuchelewa, na mahindi yake yalikuwa mafupi kuliko ya wenzake. Msimu uliofuata maksai yuleyule alikwenda kichwa sawa, bila kamba ya mguuni.

Basi kila mwenye maksai na aitoe nira darini kabla ya Machi. Apitishe kiganja chake mahali shingo inapokaa. Pale mkono wake utakapoumia, ndipo na shingo itakapoumia.