Kibaba cha Nyota Ndogo

Jina la Jauza si geni masikioni mwetu, kwani ni moja katika zile buruji kumi na mbili walizozihesabu wazee wetu wa pwani. Katika miezi ya Februari na Machi, ipatapo saa tatu za usiku, tukielekea kaskazini twaziona nyota zake mbili kubwa zikiwa jirani. Ile iliyo hafifu kidogo huitwa Castor. Jicho laiona moja, lakini wanafalaki wamekwisha kubaini kuwa ni nyota sita, zilizofungamana jozi kwa jozi. Leo twapenda kuizungumzia jozi iliyo ndogo kuliko zote, iitwayo YY Geminorum.

Hizi ni nyota mbili vibete, nyekundu, zilizolingana kama mapacha. Kila moja ina uzito wa takriban sehemu 6 katika 10 za uzito wa jua letu. Joto la uso wake ni kama nyuzi 3,500 za Selsiasi, ilhali la jua ni kama 5,500. Zimekaribiana mno: kati yao pana kama kilomita milioni 2.7 tu, nazo huzungukana kwa saa 19 na nusu. Tena ni changa. Lau jua lingekuwa mama wa miaka 46, mapacha hawa wangekuwa watoto wasiotimiza miaka minne.

Faida yao kwetu ni kwamba kila moja huipita mwenziwe mbele, ikaizibia nuru. Kupatwa huko kumejulikana tangu miaka ya 1920. Kwa kupima muda wa giza hilo na mwendo wa nyota zenyewe, wataalamu hupata upana na uzito wa kila moja. Nyota ipwekayo haipimiki kwa wepesi huo. Mwenziwe ndiye mizani yake.

Vipimo hivyo vilileta mshangao: mapacha hawa ni wapana kuliko hesabu za vitabuni zilivyotabiri. Wengi huona sababu ni sumaku kali inayotokana na kujizungusha kwao kwa kasi, ambayo huzuia joto lisitoke upesi, nyota ikavimba.

Jambo hili si dogo. Nyota zilizo nyingi angani ni vibete vyekundu, na ukubwa wa sayari zinazozizunguka hujulikana kwa kadiri ya nuru zinayoiziba. Ukikosea upana wa nyota, umekosea na wa sayari. Ile tuliyoidhania mwamba kama dunia yetu huenda ikawa kubwa zaidi, imefunikwa na hewa nzito isiyokalika.

Kila mama ajua kuwa kibaba kikiwa na kasoro, unga wote uliopimwa kwacho una kasoro. Ndiyo maana wataalamu hawajachoka kuwarudia mapacha hawa kwa karibu miaka 100 sasa. Kabla ya kuuliza kama kuna makao mengine mbali na haya yetu, yapasa kwanza kibaba kisahihishwe.