Ratiba ya Picha kwa Watoto wa Mbulu na Hanang

Mtoto wa Unguja au Pemba aingiapo darasa la awali, mwalimu akimwambia "kanawe mikono" huelewa, kwani Kiswahili ameanza kukisikia mgongoni kwa mama yake. Kwa watoto wengi wa Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mambo sivyo. Huko nyumbani husemwa Kiiraqw au Kidatoga, na katika bonde la Yaeda Kihadza, lugha ambazo hata moja si ya Kibantu. Shuleni mtoto hupokewa kwa Kiswahili. Asiyekielewa hana budi kutazama wenzake apate kujua kama sasa ni wakati wa uji, wa kucheza au wa kurudi nyumbani. Na akikosea, huitwa mkaidi.

Ipo dawa isiyo ghali, nayo ni ratiba ya picha. Kazi za siku huchorwa moja moja kwenye vipande vya boksi, vikatundikwa kwa kamba ukutani kwa mfuatano wake. Kazi ikiisha, picha yake hugeuzwa. Mwalimu huonyesha picha na papo hapo hulitamka neno lake kwa Kiswahili, nalo likashika. Siku ambayo hapana uji, picha ya uji huondolewa asubuhi mbele ya watoto wote, wasije wakaingojea hadi mchana. Njia hii ilienezwa sana na mpango wa TEACCH, ulioanzishwa mwaka 1972 katika jimbo la North Carolina, Marekani, kwa ajili ya watu wenye usonji. Lakini faida yake haikomei kwao.

Tunatahadharisha jambo moja. Picha zilizoagizwa kutoka ng'ambo, zenye mabafu na mabasi ya manjano, hazitamfaa mtoto anayenawa kwa kata na kwenda shule kwa miguu. Wachore walimu wenyewe, na wazazi waulizwe.

Tunaziomba Halmashauri za Mbulu na Hanang ziwapatie walimu wa awali na wa darasa la kwanza maboksi, rangi na siku mbili za mafunzo kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wizara ya Elimu ya hapa Visiwani nayo isidhani kwamba jambo hili ni la Bara peke yake: katika madarasa yetu, mjini na mashamba, wamo watoto viziwi na wenye usonji ambao "kanawe mikono" ya mwalimu haiwafikii.