Kukanda kwa Maji ya Moto Kusifiche Maumivu ya Kazini



Kuanzia Majanji kwenye ufuo wa Ziwa Victoria mpaka Busia, na kutoka Busia mpaka Tororo penye kiwanda cha saruji, jioni ya mfanyakazi ni moja. Mmoja amebeba mifuko ya saruji, mwingine amekata na kupakia miwa, wa tatu amevuta nyavu usiku kucha. Wakifika nyumbani, sufuria ya maji inatiwa jikoni, kitambaa kinatafutwa, na mgongo unakandwa.

Tusiidharau dawa hii. Joto hupanua mishipa ya damu, damu hufika kwa wingi mahali panapouma, na misuli iliyokaza hulegea. Hata hospitalini tiba ya joto hutumika kwa maumivu ya mgongo na ya viungo vya watu wazima. Lakini ina taratibu zake, na wenzetu wengi huunguzwa kwa kutozijua.

Maji yawe ya moto unaoweza kuvumilika, si ya kuchemka. Chovya kitambaa, kamua, jaribu kwanza kwenye mkono wako, kisha weka mahali panapouma kwa dakika 15 au 20. Ukitumia chupa ya maji ya moto, izungushie leso, na usilale nayo. Aliyeumia leo, akateguka na kuvimba, asikandwe kwa moto. Siku mbili za kwanza atumie kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye nguo. Usikande juu ya kidonda, wala mahali penye ganzi, maana mtu hatasikia akiungua; wagonjwa wa kisukari wawe waangalifu hasa. Kiungo kilichovimba na kuwa chekundu pamoja na homa ni cha kupelekwa hospitali. Vivyo hivyo mgongo unaoambatana na miguu kufa ganzi au mkojo kukataa kutoka: hapo usingoje kesho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wako manyapara ambao mtu akiumia humwambia, "Nenda ukajikande, kesho uje kazini." Maneno haya yana sura ya huruma, kumbe yanamwondolea mwajiri gharama. Mgonjwa anajitibu kwa kuni zake na kwa usiku wake, na hakuna daftari lililoandikwa. Mwaka ukipita mgongo ukakatika kabisa, nani atakubali kwamba uliumia kazini?

Sheria ipo pande zote mbili za mpaka. Uganda, sheria ya kazi ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inampa aliyetimiza miezi miwili siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara, kwa kila mwaka. Pote huombwa cheti cha daktari. Tena Uganda ina sheria ya fidia ya mwaka 2000, na Kenya ya mwaka 2007, na zote zinataka mwajiri aarifiwe ajali ilipotokea. Sufuria ya maji ya moto haitoi cheti.

Kwa hiyo, ukiumia, sema siku ile ile mbele ya shahidi. Dai iandikwe. Nenda kwa daktari. Kisha ndipo ukakandwe.

Nasi katika chama tudai mzigo wenyewe upunguzwe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mtu mzima mwanamume asibebe peke yake zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe pungufu sana. Hapa mpakani nani hajaona gunia la kilo 90 mgongoni mwa mtu mmoja? Hata mfuko wa kilo 50 usitudanganye: kipimo ni cha mzigo mmoja, lakini mgongo unahesabu mizigo yote ya siku. Tudai mikokoteni, tudai watu wawili kwa gunia zito, tudai mapumziko na zamu za kubadilishana.

Maji ya moto yapoze uchovu wa siku. Yasitumike kufunika jeraha ambalo mwajiri anapaswa kulilipia.

Umoja ni nguvu!