KABLA HUJAKEMEA PEPO, ULIZA KAMA AMELALA

Leo nina neno la kufundisha na jambo la kutubu. Naomba usome hadi mwisho.

Kuna mama mmoja kanisani kwetu hapa Likoni. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Kwa miaka mingi mama huyu hakuvuka feri. Akikaribia kivukoni moyo unamdunda, jasho linamtoka, miguu inakataa. Bintiye alipojifungua hospitalini kule kisiwani, mama alishuka hadi kivukoni na chupa ya uji mkononi. Akasimama pale, watu wakimpita. Kisha akageuka, akarudi nyumbani na uji wake. Mjukuu alikuja kumwona siku alipoletwa ng'ambo hii.

Majirani walisema ni majini ya baharini. Mimi mchungaji wake nikasema vivyo hivyo. Tulimfungisha siku saba. Tulikesha naye mara tatu, tukakemea hadi sauti zikakauka. Alianguka chini, tukapiga vigelegele. Jumatatu akaenda kivukoni, akashindwa tena. Baada ya hapo akaanza kukwepa ibada, maana aliona haya kuwa mtu aliyeombewa asifunguliwe. Alikuja kwetu na hofu, tukamwongezea aibu.

Aliyemsaidia ni binti mmoja wa kanisa ambaye ni muuguzi. Alimwuliza swali dogo tu: "Mama, usiku unalala?"

"Kidogo, mwanangu. Nikisinzia naota maji."

"Maji gani, mama?"

Hapo ndipo yalipotoka. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 mama huyu alikuwa ndani ya feri ya Mtongwe ilipopinduka. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunaikumbuka siku hiyo. Watu 272 walikufa. Yeye aliokolewa akiwa hai. Mdogo wake, waliyekuwa wamepanda pamoja, hakuokolewa.

Nimekuwa mchungaji wake miaka sita. Sikuwahi kumwuliza.

Wapendwa, msinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Naamini mapepo yapo na jina la Yesu linayatoa. Lakini si kila anayetetemeka ana pepo. Mwili nao una kumbukumbu. Mtu aliyenusurika kifo, mwili wake unaweza kubaki ukilinda zamu miaka mingi. Harufu ya maji, mlio wa feri, msongamano wa watu, na mara moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, tumbo linavurugika. Mwili haujui kwamba 1994 imepita. Ukimnyima mtu huyo chakula siku saba na usingizi usiku tatu, umemdhoofisha pale pale alipokuwa anavuja.

Tazama Mungu alivyomhudumia Eliya. Katika 1 Wafalme 18 nabii anashusha moto Karmeli. Sura ya 19 yuko chini ya mti anaomba kufa. Angekuwa kanisani kwetu tungesema ameingiliwa na roho ya mauti. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Akamtumia malaika na mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Baada ya hapo ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale, akamwacha aseme uchungu wake wote, tena mara mbili. Mwishowe akampa Elisha, asitembee peke yake. Usingizi, chakula, kusikilizwa, mwenzi wa safari. Huo ndio ushauri nasaha, na Mungu ndiye mshauri.

Na Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo, jambo aliloagiza papo hapo ni apewe chakula (Luka 8:55). Muujiza umetendeka, na bado mwili unahitaji kula!

Sisi wa Pwani hatuna udhuru wa kusahau jambo hili. Mwaka 2023 tuliona Shakahola, kule Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa, watoto wadogo wakiwemo. Huko ndiko mafundisho yanakofika yakiufanya mwili kuwa adui wa roho. Paulo hakufundisha hivyo. Katika 1 Wathesalonike 5:23 anawaombea watu walindwe roho, nafsi na mwili. Vyote vitatu ni vya Bwana.

Wengine mtauliza, "Mchungaji, sasa unatutuma hospitali ya wagonjwa wa akili?" Ndiyo, ikibidi. Port Reitz pale Changamwe kuna kitengo cha afya ya akili. Wewe unameza dawa ya presha kila asubuhi na bado unanena kwa lugha. Kwa nini aliyepoteza usingizi akimeza dawa umwite mtu wa imani haba? Maombi hayashindani na daktari. Tutaomba na tutamsindikiza.

Mama yetu alikwenda kwa mshauri nasaha. Alisimulia ajali yote tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza tangu itokee. Alifundishwa kuvuta pumzi taratibu. Wiki moja alishuka na yule muuguzi hadi stendi tu, wakarudi. Wiki nyingine hadi getini. Nyingine wakaketi kutazama feri zikija na kuondoka. Sisi kanisani tuliomba, lakini safari hii baada ya kumlisha. Mwezi uliopita alivuka, ameshikwa mkono, macho ameyafumba. Bado anaogopa. Lakini alivuka, akakaa na mjukuu wake hadi jioni, akavuka tena kurudi.

Mama, ukisoma hapa, nisamehe. Nilipaza sauti kabla ya kutega sikio.

Viongozi wa maombi na wa vikundi vya nyumbani, kuanzia wiki hii mtu akija kuombewa, mwulizeni kwanza: Umelala? Umekula? Ni nini kilikupata? Msikilizeni amalize. Kisha wekeni mikono.

Na wewe unayesoma huku umebeba jambo ambalo hujawahi kulisema, njoo Alhamisi baada ya ibada. Sitakukemea. Kutakuwa na chai.

Mungu wa amani awatakase kabisa. Mbarikiwe.