Nusu Saa ya Kila Siku

Malenga chipukizi huanza kwa kuhesabu mizani vidoleni: 8 za ukwapi, 8 za utao. Akitunga kila siku kwa miezi kadhaa, vidole hupumzika. Sikio lenyewe humwambia kwamba mshororo umepunguka silabi moja. Naamini kijana anayejifunza udi hana njia nyingine ila hiyo hiyo.

Udi, tofauti na gitaa, hauna vipande vya chuma shingoni vya kumwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza. Kidole kikiteleza kwa upana wa unywele, sauti imekwisha kupotoka. Fidla nayo ni vivyo hivyo. Mahali pale hujulikana kwa sikio na kukumbukwa na mkono, na mkono ni msahaulifu. Nusu saa kwa siku ni saa tatu na nusu kwa juma. Lakini anayezikusanya zote Jumamosi hutumia sehemu kubwa kukitafuta alichokipoteza tangu Jumamosi iliyopita.

Mwaka 1928, Siti binti Saad na wapigaji wake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, na kosa halikuweza kukatwa na kubandikwa upya kama leo. Kilichohitajika pale ni mikono iliyokwisha kuzoea.

Watasema kinanda cha umeme kimeturahisishia kazi. Sikibezi, kimewafikisha wengi jukwaani. Lakini taarabu asilia ina sauti zinazokaa baina ya kitufe na kitufe, ambazo kinanda cha kawaida hakizitoi. Zisipotafutwa kila siku na vidole vichanga, zitabaki santurini tu.

Nasi washairi tumo katika hasara hiyo. Shairi zuri likiimbwa huku mpigaji akipapasa sauti, msikilizaji husikia kupapasa, wala hayasikii maneno.

Basi, ewe kijana, chagua saa yako, iwe alfajiri au baada ya magharibi, uilinde. Tengeneza nyuzi kwanza. Piga ngazi moja ya sauti polepole mpaka itulie. Kisha lighani shairi kabla ya kulipiga, ujue pumzi inakatika wapi. Kesho urudie. Bandu bandu huisha gogo, na shoka lililotundikwa ukutani halijapata kuangusha mti.