Stering Hafi Nje ya Kamera

Wasee, kesi ya T'Challa bado haijaisha, na mimi bado niko upande ule ule: Marvel hawakufaa kumuua. Kila nikisema hivi, kuna mtu ataniambia niheshimu marehemu. Sawa, tuanzie hapo hapo kwa marehemu.

Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Aliugua miaka minne na akaendelea kuigiza bila kutuambia. Huyo ni shujaa, hakuna mtu anabisha. Lakini Boseman ni mtu na T'Challa ni mhusika. T'Challa alitoka kwa vitabu vya katuni mwaka wa 1966, miaka kumi kabla Boseman azaliwe. Sasa mbona wazikwe pamoja?

Na angalia vile walimuua. Wakanda Forever (2022) inaanza Shuri akiwa kwa maabara, anahangaika kutengeneza ule mmea ambao Killmonger aliuchoma kwa filamu ya kwanza. Mama yake anaingia, anamwambia kaka yake ameenda kwa mababu. Basi, imeisha. Ugonjwa gani? Hauna jina. Neno lake la mwisho? Hakuna. Huyu ni mfalme aliyerushwa kwa maporomoko ya maji, watu wa M'Baku wakamhifadhi kwa theluji huko juu mlimani (sisi wa Naro Moru hapo tulijiona kabisa), akarudi kudai kiti chake. Halafu anafia kwa chumba ambacho hata hatukuonyeshwa. Mtu yeyote aliyekua na muvi za DJ Afro anajua stering hafi hivyo. Akifa, anakufa tukimuona.

Mnasema kuweka mwigizaji mwingine kungekuwa matusi. William Hurt, aliyekuwa Ross kwa filamu za hao hao Marvel, alifariki Machi 2022. Oktoba mwaka huo huo, kabla hata Wakanda Forever itoke, ikajulikana Harrison Ford ndiye anachukua nafasi yake. Mbona hiyo haikuwa matusi? Hulk alikuwa Edward Norton, akawa Mark Ruffalo. Rhodes alikuwa Terrence Howard, akawa Don Cheadle. Batman na Spider-Man ndio usiseme, hao hubadilishwa kama laini za simu. Kwa hivyo kazi hiyo wanaijua vizuri. Ilipofika kwa mfalme Mwafrika, yule mmoja ambaye watoto wetu walikunja mikono kifuani wakimuiga, ghafla ikawa haiwezekani.

Huku Nyeri tofauti ya mtu na hadithi yake tunaijua. Dedan Kimathi hakuwa katuni, alikuwa mtu wa nyama na damu, wa Tetu hapo. Wakoloni walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na Mukami, mjane wake, aliaga Mei 2023 bila kupewa mwili wa mumewe amzike. Lakini Kimathi hajaisha. Mwaka wa 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walimwandikia tamthilia, ikatafsiriwa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Tangu hapo ni waigizaji wangapi wamesimama jukwaani wakiwa Kimathi? Mmoja akishuka, mwingine anapanda. Sijawahi kusikia mtu akisema yule wa pili anamtusi yule wa kwanza. Waliotaka hadithi iishie pale mwili ulipoishia ni wale waliomnyonga, si sisi.

Na msinigeuzie hii maneno iwe ya kuchukia Shuri. Letitia Wright alifanya kazi yake. Angela Bassett alilia mpaka akateuliwa kwa Oscar, na alistahili. Matanga yale ya nguo nyeupe ni kati ya vitu vizuri Marvel wamewahi kupiga. Lakini Shuri hakuhitaji kaka yake afe ndio avae ile suti. Kwa vitabu alishawahi kuivaa T'Challa akiwa bado hai. Kwa hivyo ukiniambia ilibidi afe ili dada apate nafasi, unanidanganya.

Halafu mwisho kabisa, filamu inatupeleka Haiti kwa Nakia, Lupita wetu, tunaonyeshwa mtoto. Anaitwa Toussaint, lakini jina lake la Wakanda ni T'Challa. Yaani walijua! Walijua hilo jina bado linahitajika, ndio maana wakalificha kwa mtoto mdogo badala ya kulipa mwanaume mzima leo. Sasa tungoje huyo kijana amalize shule ya msingi, aende sekondari, aote ndevu, ndio turudishiwe mfalme wetu?

Waigizaji wako. Mpeni mmoja hiyo maski, na Boseman aachwe apumzike kwa jina lake mwenyewe.